Vidonge Nilivyomeza Chooni

Shule niliishia darasa la saba, tena kwa kusukumwa. Anayetaka maelezo ya kitaalamu kuhusu dawa za miti aende kwa waliosoma. Mimi nitasema yaliyotokea nyumbani kwetu Mabatini, miaka ile ya ruksa, kila mtu alipoanza kuuza kitu, na jinsi mdogo wangu alivyokufa kwa ugonjwa ulioanzia kooni. Majina siandiki. Wengine wameshazikwa, na walio hai wakisikia habari hii watajijua. Lakini makosa nitayataja, kila mtu na lake, likiwemo langu.

Mama yangu alikuwa anatibu makoo. Ukimwita mganga alikasirika, maana hakupiga ramli wala hakuchinja kuku wa mtu. Alikuwa mama wa kanisani na dawa yake ilikuwa moja tu, ya mafindofindo na koo linalouma. Alirithi kwa mama yake huko Magu. Ni gome la mlungulungu, ule mti ambao miiba yake imekaa juu ya vinundu, na ukilikwaruza gome linanukia kama ndimu. Ukitafuna kipande, mate yanajaa, ulimi unakufa ganzi, na koo lililokuwa linachoma kama umemeza kaa linatulia. Mama alilikausha, akalitwanga, akalichemsha na kuweka chembe ya magadi na asali kidogo. Mgonjwa alisukutua kwanza, kisha akanywa kikombe kimoja cha vuguvugu. Kikombe chenyewe kilikuwa cha bati, cheupe, chenye ua jekundu na ukingo uliobanduka. Hicho hicho kwa wote. Siku hizo hatukuona ubaya wake.

Bibi aliiacha dawa hiyo na masharti mawili. La kwanza, gome libanduliwe upande wa jua linapotoka na upande linapozama, pande mbili zibaki ili mti usife. La pili, dawa ni ya siku tatu. Asubuhi ya nne mtu akiamka bado ana homa, apelekwe kwa masista wa zahanati. Nilipokuwa mdogo nilimsikia mama akimwambia hivyo kila mgonjwa, kama vile mtu anavyosema amina. Hakuwahi kujidai kwamba anashindana na sindano.

Sasa ndipo namtaja wa kwanza. Pale Mkuyuni, upande wa sokoni, alikuja mwanamume mmoja na meza, mwavuli na kipaza sauti cha betri. Aliuza unga wa magome kwenye vikaratasi. Kila ugonjwa alikuwa nao. Mdogo wangu, ambaye alikuwa na kipaji cha kuigiza watu, alikuwa anarudi nyumbani, anashika mwiko mdomoni na kutangaza, "Dawa ya koo, dawa ya kichomi, dawa ya mume asiyerudi nyumbani! Mama njoo, baba njoo, mwenye aibu mtume jirani!" Tulicheka mpaka mama naye akacheka, ingawa kazi yake ilikuwa inachukuliwa.

Maana ilikuwa inachukuliwa kweli. Watu walianza kulinganisha. Mama mmoja jirani, mnene, muuza maandazi, huyu ndiye wa pili, alikaa kwenye benchi letu na mtoto wake, akasikiliza masharti ya siku tatu, halafu akamwambia mama, "Mayu, yule wa Mkuyuni hata siku moja hataji hospitali. Wewe mbona huiamini dawa yako mwenyewe?" Hospitali nayo siku hizo ilikuwa imeanza kutaka uchangie pesa, kwa hiyo neno hospitali peke yake lilikimbiza watu. Mama alichota dawa. Alimpa mtoto kikombe. Lakini tangu siku ile sikumsikia tena akilisema lile la asubuhi ya nne. Hakuna aliyemlazimisha kuliacha. Aliliacha tu, kama mtu anavyoacha kibanio cha nywele kwa jirani, na hakwenda kukichukua.

Mimi wakati huo nilikuwa nimepata kazi kiwanda cha samaki. Tulikata sangara minofu, kusimama kutwa, viatu vya mpira, makoti meupe, barafu kila mahali. Minofu ilipanda ndege, sisi tulinunua vichwa na mifupa. Pale kiwandani kulikuwa na nesi na chumba chake kidogo, wala msidhani kilijengwa kwa ajili yetu. Kilijengwa kwa ajili ya samaki. Msimamizi wetu akisikia mtu anakohoa au ana sauti ya kukwama, alimtoa kwenye meza na kumpeleka kwa nesi, kwa sababu wazungu hawataki kula samaki aliyekoholewa.

Basi nikaumwa. Mafindofindo yalivimba nikashindwa kumeza hata mate, shingo ikawa na matezi kama kokoto. Msimamizi akanitoa. Nesi alikuwa mama wa makamo, mkavu wa maneno. Alinipanua mdomo, akamulika, akaguna. Akanipa vidonge vya penisilini vya siku kumi.

"Utavimeza vyote," aliniambia. "Koo likinyamaza siku ya tatu usije ukaniachia hapo katikati. Unalala na nani?"

"Na mdogo wangu."

"Kitanda kimoja?"

"Kimoja."

"Akianza kuumwa koo mlete hapa, hata kama si mfanyakazi. Nitamwona."

Nesi huyu simtaji kwenye makosa. Yeye alisema yote yaliyotakiwa kusemwa, kwa maneno ambayo hata mtu wa darasa la saba aliyaelewa.

Nilirudi nyumbani na vile vidonge ndani ya kiberiti kitupu. Nilipofika benchi lilikuwa na watu watatu wanasubiri dawa. Mama aliniona nimejishika shingo, akachota kikombe bila kuuliza. Ningesema nini? Mtoto wa mwenye dawa ya koo anatibiwa koo hospitali? Wale watatu wangesimama na kuondoka, na kesho Mabatini nzima ingejua. Nikashukuru, nikasukutua, nikanywa. Koo likafa ganzi, nikaona afadhali kweli. Halafu nikaenda chooni, choo chetu cha nje cha mabati, nikameza kidonge kwa mate.

Nikafanya hivyo siku kumi. Mbele ya watu kikombe, nyuma ya mabati kidonge. Mdogo wangu alishaanza kunitania. Alikuwa anagonga bati kwa kucha na kuuliza kwa sauti ya mpole, "Dada, tukuletee kitanda humo?" Na mimi nilikuwa nimesimama na kiberiti mkononi, nacheka naye.

Siku ya tano nikawa mzima. Mama alifurahi kama mtu aliyerudishiwa kitu. Alinishika mkono, akanipeleka mbele ya benchi, akasema, "Muulizeni huyu. Juzi alikuwa hamezi maji." Akaniambia nifungue mdomo. Nikafungua. Watu wakainama mmoja mmoja kuchungulia koo langu jekundu lililopona, wakasema ee, wakasema kweli, na yule muuza maandazi akasema kumbe ya Mkuyuni ni maneno tu. Nilifungua mdomo siku ile, na siku iliyofuata, na wiki nzima. Sikusema hata neno moja la uongo. Nilifungua mdomo tu.

Nyuma ya benchi alikuwa amesimama mdogo wangu, amekumbatia ndoo, ananitazama kwa fahari.

Yeye alianza kuumwa nikiwa nimebakiza vidonge vya siku mbili. Jioni alisema koo linamkwaruza, asubuhi akawa anameza kwa kunyoosha shingo kama bata. Mwili wake kitandani ulikuwa wa moto mpaka nikajisogeza ukutani. Niliyakumbuka maneno ya nesi. Niliyakumbuka vizuri, sitaki kusema nilisahau. Lakini kumpeleka kiwandani ilikuwa ni lazima kwanza nimwambie yeye nilikotibiwa mimi, na yeye hakuwa mtu wa kutunza siri. Angeiigiza mbele ya mama kabla jua halijazama, na nesi, na choo, na kiberiti. Nikajiambia nisubiri nione.

Mama alimpa kikombe. Mdogo wangu alikipokea kwa mikono miwili, akaninong'oneza, "Kama kilikuponya wewe na ule ugumu wako, mimi kitaniponya kesho."

Siku ya pili ganzi ilimshika, akawa anakula. Siku ya nne alikuwa anapanda kilima chetu na ndoo ya maji. Bado alikuwa na joto. Nilimgusa shingo nikalisikia, naye akanitoa mkono akisema ni jua. Ile ndiyo ilikuwa asubuhi ya nne ya bibi. Mama alikuwa palepale anatwanga, na mimi nilikuwa palepale. Hakuna aliyesema kitu. Ubaya zaidi, hata mimi nilianza kuamini. Nilijiuliza, huenda na mimi niliponywa na mlungulungu, huenda vidonge vilikuwa nyongeza tu. Mtu akishatazamwa mdomoni wiki nzima na kuambiwa amepona kwa kitu fulani, mwisho anaamini.

Zikapita kama wiki tatu. Siku moja mdogo wangu akaamka goti limevimba, la moto, haligusiki. Siku chache baadaye goti likapoa, uvimbe ukahamia kwenye kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Mama akamchua kwa samli ya moto. Jirani mmoja akasema ugonjwa unaohama ni wa kutumwa. Msimamo wa mama ulikuwa kwamba ni baridi ya ziwa, maana mdogo wangu alikuwa anafulia kule majini. Viungo vikapona vyenyewe, tukashukuru kanisani.

Kilichobaki kilikuwa kidogo, hatukukitilia maanani. Nyumba yetu ilikuwa juu, katikati ya mawe, na maji tulichota chini. Mdogo wangu, ambaye alikuwa anapanda na ndoo kichwani huku anaimba, akaanza kusimama njiani. Alisimama kwenye jiwe la kwanza, akageuka, akasema anaangalia ziwa. Kisha jiwe la pili, ziwa tena. Mimi nilimcheka. Nilimwambia, hilo ziwa umezaliwa unaliona, leo limeota nini? Akatabasamu, mdomo wazi, anavuta pumzi.

Ilipofika anashindwa kulala chali na miguu imejaa maji, ndipo tukampeleka hospitali kubwa. Daktari alikuwa kijana, mtaratibu, aliweka kipimo chake kifuani akasikiliza muda mrefu sana. Halafu akauliza maswali. Aliuliza kama viungo viliwahi kuvimba kwa kuhama. Tukasema ndiyo. Akauliza kama kabla ya hapo aliumwa mafindofindo. Mama akasema ndiyo, lakini yale yaliisha, aliyatibu mwenyewe.

Daktari akaeleza. Alisema mengi, nililoshika ni kwamba kuna mafindofindo ambayo yasipotibiwa kwa dawa yenyewe mpaka mwisho yanaweza kuzua ugonjwa wa viungo, na ugonjwa huo huingia moyoni na kuharibu milango yake. Milango ya moyo wa mdogo wangu ilikuwa imeharibika. Dawa inayotuliza koo si mbaya, alisema, hata maji ya chumvi yanatuliza. Kasoro ni kudhani kwamba maumivu yakiondoka ugonjwa nao umeondoka.

Mama alimsikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Lakini daktari, huyu dada yake aliumwa hivyo hivyo, wakati huo huo. Dawa ni ile ile, kikombe kile kile. Mbona yeye mzima?"

Daktari akanigeukia. "Ulitumia ile tu? Hakuna kitu kingine?"

Mdogo wangu alikuwa ameegemea mito mitatu. Aliniangalia. Mama naye aliniangalia, na sura yake ilikuwa ya mtu anayeomba asiporomoshewe nyumba. Nikasema, "Ile tu."

Daktari akasema basi ilikuwa bahati yangu. Wengine hupita salama.

Nimeyarudia maneno yale mawili miaka yote hii. Si kwamba yangemponya. Moyo ulikuwa umeshaharibika, na upasuaji wa namna ile kwetu haukuwepo. Alipangiwa sindano za kila mwezi na vidonge vya kukojoa. Lakini angalau angeujua ukweli. Badala yake nilimwacha na swali ambalo halikumpa usingizi. Aliniuliza tukiwa barazani, mimi namsuka, yeye amekaa kati ya magoti yangu, hivyo sikuuona uso wake.

"Dada, kwa nini dawa ilikukubali wewe, mimi ikanikataa?"

Nikaendelea kusuka. Nikasema sijui.

Hapo namtaja wa tatu. Kulikuwa na mama wa maombi aliyekuja kumwombea kila Jumatano, shanga shingoni, sauti kubwa. Aliposikia habari ya dawa kukubali huku na kukataa kule, akasema kuna kitu mgonjwa amekificha, atafute moyoni mwake, atubu. Na mdogo wangu, mtoto yule aliyekuwa hana la kutubu, akaanza kutafuta. Alitubu sukari aliyokomba akiwa na miaka saba. Alitubu kumwigiza mchungaji. Siku moja aliniita nikae karibu, akaniomba radhi kwamba alivaa gauni langu la kijani bila ruhusa, akaenda nalo harusini Mkuyuni, akalirudisha bila kufua. Alikuwa analia. Nikamwambia nimemsamehe. Nilimsamehe gauni.

Mwenye kitu alichokificha alikuwa mimi, na kiberiti kile kilikuwa bado kimechomekwa kwenye upenyo wa bati chooni, kimelowa mvua na kubabuka.

Alikufa mwanzoni mwa masika, mchana, mama akiwa anampepea. Kwenye msiba wanawake walisema Mungu ametoa, Mungu ametwaa. Yule muuza maandazi alisema alikuwa na roho nyepesi, ndiyo maana. Mimi nilibeba maji ya kunawisha watu. Baada ya arobaini benchi likajaa tena, maana watu walijua amekufa kwa moyo, na moyo si koo. Mama alitibu miaka mingine mingi. Milungulungu ya Magu nayo ikaisha. Wabeba magunia wa gome la kuuza waliibandua pande zote nne, ikakauka imesimama. Mama akawa ananunua gome kwa yule yule mwenye kipaza sauti, gome lisilo na vinundu, lisilonukia ndimu. Nilijua silo. Hilo nalo sikusema, kwa sababu nilishazoea.

Nilikuwa namlaumu sana mama. Kuna miaka nilikuwa simsalimii vizuri, shikamoo yangu inatokea puani, na yeye akidhani ni uchungu wa mdogo wangu. Aliamini dawa yake kwa haki, maana aliona kwa macho yake mtu akipona. Mtu huyo nilikuwa mimi. Kama ningemwonyesha kile kiberiti siku ya tano, angekasirika, angelia, benchi lingekaa tupu mwezi mmoja. Halafu asubuhi ya nne ya mdogo wangu, angekumbuka masharti ya mama yake. Namjua. Angekumbuka. Alikufa bila kujua, na mimi ndiye niliyemfumba macho.

Mwaka jana alikuja mwanamke mlangoni kwangu na binti wa kama miaka kumi. Alisema ametoka Mabatini, wazee wamemwelekeza kwamba kwa marehemu mama ndiko kulikuwa na dawa ya mafindofindo. Binti alikuwa anameza kwa kunyoosha shingo. Nikamgusa, akawa wa moto.

Nikamwambia yule mama kwamba dawa ile sina na hata ningekuwa nayo nisingempa peke yake. Nikamwambia aende zahanati leo, apimwe, akipewa vidonge avimeze vyote. Akasema lakini ile iliponya watu. Nikasema haikuponya, ilituliza.

Akaniangalia kwa makini. "Si wewe ndiye yule dada? Mama yangu alikuchungulia koo. Mpaka leo anasimulia."

Ndipo nikasema. Nimesimama mlangoni, kanga moja, mbele ya watu nisiowajua, nikasema yote: kiwanda, nesi, vidonge vya siku kumi, choo. Mara ya kwanza maishani.

Yule mama hakushtuka hata kidogo. Alimvuta binti yake mkono. "Kama hutaki kutupa sema hutaki, dada yangu," alisema. "Marehemu alikuwa anampa kila mtu. Wewe umeamua kufa nayo."

Wakateremka. Niliwaita, nikasema nitawasindikiza zahanati mimi mwenyewe, ngoja nivae viatu. Hakugeuka. Nilipofika barabarani nimevaa kandambili kila mguu na yake, walikuwa wameshavuka, wanaelekea Mkuyuni, upande wa sokoni, na yule binti kila hatua chache anasimama kumeza.